Greg Graffin na gitaa kavu: uzoefu wangu na "Cold as the Clay" na "Millport"

Nianze na jibu kwa mwenye haraka. Kama unapiga gitaa au banjo, au una nia ya kujifunza, anza na "Cold as the Clay", albamu ya Greg Graffin ya mwaka 2006. Kama wewe ni msikilizaji tu, hasa uliyekulia kwenye nyumba ambako redio ilikuwa ikipiga Jim Reeves, Don Williams na Skeeter Davis, anza na "Millport" ya mwaka 2017. Zote mbili zimetolewa na lebo ya Anti-, ambayo ni ndugu wa lebo ya punk ya Epitaph, na zote mtayarishaji wake ni Brett Gurewitz, mpiga gitaa na mtunzi mwenza wa Graffin katika Bad Religion, bendi ya punk (roki ya kasi na kelele) ya Marekani. Ipo nyingine ya mwaka 1997, "American Lesion", lakini hiyo iweke kando kwanza. Ni albamu ya huzuni yenye piano nyingi, na anayeinunua akitarajia country anajikuta amenunua kitu kingine kabisa. Ina kazi yake hata hivyo, nitaieleza hapa chini.

Kwa asiyemjua: Graffin ameiongoza Bad Religion kwa sauti yake tangu bendi ianze Los Angeles mwaka 1980, akiwa bado kijana wa shule. Ana shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Cornell katika elimu ya wanyama, na amefundisha somo la mageuzi ya viumbe. Bendi yake inajulikana kwa mambo matatu: kasi, sauti za pili zilizopangwa kwa ustadi, na maneno marefu ambayo bendi nyingine za punk haziyagusi. Tena si mara ya kwanza kwake kuwashtua mashabiki. Mwaka 1983 bendi ilitoa "Into the Unknown", albamu iliyojaa kinanda, na wapenzi wa punk waliikataa mchana kweupe. Baada ya hapo ilibidi warudi kwenye mstari. Kwa hiyo alipotoka na nyimbo za kale za Marekani mwaka 2006 alikuwa anajua vizuri anacheza na moto gani.

Swali ninalokutana nalo kila ninapozungumza na wapenzi wa punk ni kama albamu hizi ni punk iliyozimiwa umeme. Hapana, na sababu iko ndani ya gitaa lenyewe. Wengi wanaojaribu kuhama kutoka punk kwenda gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, wanakwama pale pale, kwa hiyo acha nikae hapo kidogo.

Punk inasimama juu ya kodi (noti zinazopigwa pamoja) za noti mbili: noti ya msingi na noti ya tano yake. Chukua uzi mnene wa E ukiwa wazi, ambao unatoa mitetemo 82 kwa sekunde, na B iliyo kitasa cha pili (vitasa ni vile vyuma vya shingo ya gitaa) cha uzi unaofuata, mitetemo 123. Ukiipitisha kodi hiyo kwenye amplifaya iliyosukumwa kupita uwezo wake, mkwaruzo unaotoka unazalisha noti nyingine ambazo kidole hakikuzigusa. Mojawapo ni ile tofauti ya hizo mbili: 123 toa 82, unapata 41, yaani E nyingine chini zaidi. Ndiyo maana noti mbili tu zinajaza ukumbi. Noti ya tatu, ile inayotuambia kodi ni ya meja au ya maina, mpiga gitaa wa punk huiacha kwa makusudi, kwa sababu ndani ya mkwaruzo inatoa fujo. Kazi ya kusema kama wimbo una furaha au majonzi inabaki kwa mwimbaji na sauti za pili.

Sasa zima amplifaya. Ile E ya chini haipo tena. Zile noti mbili kwenye gitaa kavu zinasikika tupu, kama nyumba iliyohamwa. Mpigaji anadhani tatizo ni nguvu, anakwaruza zaidi, nyuzi zinagonga vitasa, na matokeo ni kelele za bati. Dawa si kupiga kwa nguvu. Dawa ni kuirudisha noti ya tatu, yaani kutumia kodi kamili za wazi, na mtunzi analazimika kuamua mambo ambayo zamani aliyaacha yaelee.

Hapa ndipo "American Lesion" inapofaa. Ndani yake kuna "Cease", wimbo ambao Bad Religion waliurekodi mwaka 1996 katika "The Gray Race". Sikiliza ule wa bendi, halafu ule wa piano. Melodia ni ile ile. Ila kwenye piano kila kodi iko kamili, na utasikia kwamba majonzi yalikuwamo tangu mwanzo, yamefunikwa na magitaa. Ukishalisikia hilo mara moja, utaelewa kwa nini Graffin aliweza kuvuka na wengine wakashindwa: nyimbo zake zilikuwa na melodia halisi tangu zamani, na sauti yake haikuwa ya kupiga mayowe. Mwimbaji aliyejenga jina kwa kufoka, ukimvua magitaa, hubaki na kikohozi.

Turudi kwenye "Cold as the Clay". Nyimbo ni 11, mchanganyiko wa za jadi na alizotunga mwenyewe. Wanamuziki wa The Weakerthans, bendi ya Winnipeg huko Kanada, wamempigia, na mwimbaji Jolie Holland ameimba naye. Kati ya zile za jadi ziko "Omie Wise", "Little Sadie", "Willie Moore" na "Talk About Suffering". Nyimbo mbili za kwanza kwenye orodha hiyo ni za mauaji, wa tatu ni wa msichana aliyekufa kwa mapenzi yaliyokatazwa na wazazi, wa nne ni wa kanisani. Ndivyo nyimbo za milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, zilivyo, usishangae.

"Omie Wise" unatokana na kisa cha kweli. Naomi Wise alikuwa msichana yatima wa Randolph County, North Carolina, aliyezamishwa mtoni mwanzoni mwa karne ya 19, na aliyetuhumiwa ni Jonathan Lewis. G. B. Grayson, mpiga fidla asiyeona vizuri, aliurekodi mwaka 1927, mwaka ule ule ambao Carter Family na Jimmie Rodgers, waasisi wa country, walirekodi kwa mara ya kwanza kule Bristol, mji wa mpakani mwa Tennessee na Virginia. Wimbo wa namna hii una beti tu, moja baada ya nyingine kwa melodia ile ile, hauna kiitikio cha kupumzikia. Hapo ndipo mwimbaji wa roki anapopotea. Amezoea wimbo upande, ufike kileleni, umalizike kwa kishindo. Akifika ubeti wa nne anaanza kuongeza sauti, ubeti wa sita analia, na mtu bado hajauawa.

Graffin halii. Anasimulia kwa sauti iliyo sawa toka mwanzo hadi mwisho, na nimesoma watu wakilalamika kwamba ni baridi. Mimi nasimama upande wake. Waimbaji wa kale waliimba hivyo hivyo, uso mkavu, kwa sababu kisa chenyewe kinatosha. Ninachomlaumu ni kingine: katika nyimbo za jadi matamshi yake ni safi mno. Kila konsonanti iko mahali pake kama anasoma mhadhara. Maneno ya nyimbo hizi ni mafupi, yalitoka midomoni mwa wakulima, na yanataka kulegezwa kidogo. Kwenye nyimbo alizotunga mwenyewe tatizo hilo halipo, maana sentensi ndefu ndiyo nyumbani kwake.

"California Cotton Fields" si wa jadi. Ulitungwa na Dallas Frazier na Earl Montgomery, na nyota wa country Merle Haggard aliurekodi mwaka 1971. Unahusu familia zilizokimbia Oklahoma kwenda kuchuma pamba California. Kwa masikio yangu ndio mlango mzuri kwa mpenzi wa country aliyezoea ile ya mji wa Nashville, kwa sababu una umbo analolijua.

"Millport" ilikuja baada ya miaka 11, na ni mnyama mwingine. Jina ni la kijiji kidogo cha jimbo la New York, upande ule ule wa Ithaca ulipo Cornell. Nyimbo ni 10. Safari hii nyuma yake wapo watu wa Social Distortion, bendi ya punk ya California: Jonny Wickersham kwenye gitaa, Brent Harding kwenye besi, na David Hidalgo Jr. kwenye ngoma, mtoto wa David Hidalgo wa Los Lobos. Hawa ni watu wa punk ambao wameishi na country siku zote. Bosi wao Mike Ness alitoa albamu mbili za aina hiyo mwaka 1999. Kwa hiyo hapa mitindo miwili haikukutanishwa na mtayarishaji tu, watu wenyewe wanaijua yote.

Matokeo yake albamu inatiririka vizuri zaidi, na sauti za pili zinarudi kwa wingi. Yeyote anayeipenda Bad Religion atazitambua papo hapo. Wimbo ninaourudia ni "Lincoln's Funeral Train". Treni iliyobeba mwili wa Rais Abraham Lincoln iliondoka Washington tarehe 21 Aprili 1865 na kufika Springfield, Illinois, tarehe 3 Mei, mwendo wa kilomita zipatazo 2,660, watu wakiwa wamejipanga kando ya reli. Ni habari iliyoumbwa kwa ajili ya muziki wa namna hii, na katika country treni ina heshima yake.

Kasoro ya "Millport" ni ngoma. Seti nzima ya ngoma ikishaingia, banjo na mandolini hupoteza kazi yao. Katika muziki wa kale wa milimani, vyombo hivyo ndivyo ngoma. Mkwaruzo mfupi wa mandolini kwenye pigo la pili na la nne ni sawasawa na kazi ya sneya, ile ngoma kali ya katikati ya seti. Nyumbani tunalijua hili: wapigaji wa omutibo, mtindo wa gitaa wa magharibi mwa Kenya, George Mukabi akiwa mbele yao, walipata mdundo kamili kwa gitaa moja na chupa ya Fanta iliyokwaruzwa. Ukiweka seti ya ngoma juu ya mpangilio kama huo, vyombo viwili vinagombania kiti kimoja. Kwenye "Millport" mgogoro huo umetatuliwa kwa kuipa ngoma kiti, na albamu ikawa country-rock ya California kama ya miaka ya 1970. Ni nzuri. Lakini anayetafuta gitaa kavu hasa, si hii.

Kuhusu usikilizaji, kuna mambo yanayoharibu albamu hizi ambayo kwenye punk hayaonekani. La kwanza ni ubora wa faili. Programu nyingi za simu, ukiziacha zichague zenyewe kwenye bando, zinashuka hadi kilobiti 96 kwa sekunde au chini ya hapo. Ukuta wa magitaa ya umeme unavumilia hilo. Fidla na pumzi ya mwimbaji havivumilii: vinaanza kutoa kile kitu kama maji yanayozunguka kwenye bomba. Weka 320. Hesabu yake ni MB 2.4 kwa dakika, dhidi ya MB 0.7 kwa ile ya 96, kwa hiyo albamu ya dakika 35 itakula MB 84 hivi. Pakua mara moja ukiwa kwenye waifai, maliza.

La pili, zima ile ya kuongeza besi. Besi ya albamu hizi inatembea noti kwa noti, na ukiivimbisha inakuwa mvumo mmoja usiojua noti ipi imepigwa. Ukiona banjo inachoma masikio, hasa kwenye hedifoni za bei nafuu, punguza kati ya kilohezi 2 na 4 kwa desibeli 2 au 3, isizidi, maana humo humo ndimo maneno yanamoeleweka. Spika ya simu usiitumie kabisa. Haina uwezo wa kutoa noti za chini, na utahukumu kwamba muziki ni mwembamba wakati wembamba ni wa spika.

Kwa anayetaka kupiga. Ukitoka kwenye gitaa la umeme lenye nyuzi za 0.010 (unene wa uzi mwembamba kabisa, kwa inchi), usiruke moja kwa moja hadi 0.012. Weka seti ya 0.011, vidole vikizoea ndipo upande. Kimo cha nyuzi kwenye kitasa cha 12 kiwe kama milimita 2.5 upande wa uzi mnene na 2 upande wa uzi mwembamba. Walioko Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar wana tatizo la ziada: unyevu. Gitaa la mbao halisi linapenda unyevunyevu wa asilimia 45 hadi 55, na pwani mara nyingi ni zaidi ya 70. Ubao wa juu unavimba, daraja linanyanyuka, nyuzi zinakaa juu, na unadhani mkono wako ndio mbovu. Lifungie kwenye kasha lenye vifuko vya silika, na kila ukimaliza kupiga futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, chumvi ya hewani haina huruma na shaba.

Mdundo wa msingi wa karibu kila wimbo wa namna hii ni mapigo manne. Kwenye kodi ya G: gumba linapiga uzi wa sita, halafu unakwaruza nyuzi nyembamba, gumba linapiga uzi wa nne, halafu unakwaruza tena. Kwenye C gumba linaanza uzi wa tano, kisha wa nne. Kwenye D linaanza uzi wa nne, kisha wa tano. Anza na mapigo 80 kwa dakika na upandishe kwa matano matano. Wanaotoka punk wana kosa moja wote: mkono wa kulia unashuka tu, haupandi, na kukwaruza kunafunika noti ya gumba. Gumba liwe na nguvu mara mbili ya mkwaruzo. Ukishaliweza, hamishia melodia kwenye gumba, nyuzi za chini ziimbe huku kidole cha shahada kikifagia za juu. Huo ni mtindo wa Maybelle Carter wa Carter Family. Aliyemsikiliza Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, aliyepiga kwa gumba na kidole cha shahada tu, hatauona mgeni sana, ingawa Bosco alifika mbali zaidi kwa sababu vidole vyake viwili vilikuwa vinasema mambo mawili tofauti.

Mwenye banjo ya nyuzi tano: mpango wa kawaida wa noti za nyuzi, kuanzia uzi wa tano hadi wa kwanza, ni gDGBD. Kwa nyimbo zenye giza kama "Little Sadie", wapigaji wengi wa kale hupandisha uzi wa pili kutoka B hadi C, ikawa gDGCD. Kodi hapo si meja wala maina, na wimbo unaning'inia vile unavyopaswa. Ukishapandisha uzi huo, rudia kuzipima nyuzi zote, kwa sababu daraja la banjo limekaa juu ya ngozi, na uzi mmoja ukikazwa ngozi inabonyea na mingine inashuka kidogo. Wanaoanza hulaumu vigingi bure.

Usijisumbue kutafuta ufunguo wa sauti ya Graffin. Ana sauti nzito ya wastani, ya baritoni, na ukijilazimisha kumfuata utaungurumia beti za mwisho. Tumia kapo, ile klipu inayobana nyuzi zote shingoni, ipandishe hadi uweze kuimba noti ya chini kabisa ya ubeti bila kunong'ona. Ukijirekodi kwa simu, iweke umbali wa mkono mmoja, ielekee mahali shingo ya gitaa inapokutana na mwili, isielekee tundu, la sivyo besi itameza maneno yote.

Santuri au CD? Kwa punk santuri chakavu haina neno, kelele zinafunika kelele. Kwa albamu hizi kila punje ya vumbi inasikika katikati ya ubeti, kwa hiyo ukinunua iliyotumika omba kwanza picha ya santuri yenyewe ikimulikwa na taa ya pembeni, si picha ya jalada. Mimi CD ya "Cold as the Clay" imenitosha, na pesa iliyobaki ningeiweka kwenye "Poor Little Critter on the Road" ya mwaka 1985, ya The Knitters, ambamo watu wa X, bendi ya punk ya Los Angeles, walifanya safari hii hii miaka 21 kabla ya Graffin, wakiwa na haya pungufu na ucheshi mwingi zaidi.